Chumba Kipo, Lakini...

Dominika ya Nne ya Majilio, Mwaka B
Masomo: 2 Sam 7:1-5, 8-12, 14, 16, Rum 16:25-27, Lk 1:26-38



Wapendwa wasikilizaji, taifa la Mungu, zimebaki siku chache tu kabla ya kuadhimisha Sikukuu ya Kuzaliwa kwa Bwana. Katika Dominika hii ya mwisho ya Majilio, Mama Kanisa anatuwekea mbele yetu masomo yanayozungumzia jambo ambalo kila mmoja wetu analifahamu, nalo ni nyumba. Mfalme Daudi, akiisha kustarehe katika nyumba yake nzuri ya mierezi, aliona haya kwamba Sanduku la Agano bado limo hemani. Akakusudia kumjengea Mungu nyumba. Usiku uleule Mungu alimtuma nabii Nathani kumweleza kwamba mambo yatakuwa kinyume chake: Mungu ndiye atakayemjengea Daudi nyumba, yaani ukoo na ufalme usio na mwisho. Kisha Injili yatupeleka Nazareti, kwa binti mnyenyekevu, ambako ahadi hiyo inatimia. Mungu, ambaye mbingu hazitoshi kumpokea, anabisha hodi kwa mwanadamu akiomba nafasi.

Leo napenda tutafakari juu ya hodi hiyo. Na ili tafakari yetu isielee hewani, nitaanza na hodi nyingine inayobishwa kila siku katika miji yetu: hodi ya mtu anayetafuta chumba cha kupanga.

Miaka michache iliyopita alikuja ofisini kwangu mama mmoja, akiongozwa na katekista wa kigango chetu kimoja. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mjane mwenye watoto watatu, ambaye uhamisho wa kazi ulimleta Dar es Salaam. Alikuwa amepokewa na binamu yake huko Tandale, wakawa watu tisa katika vyumba viwili. Binamu huyo hakumfukuza. Lakini wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na yeye alikuwa ameingia wiki ya saba. Alikwisha kuanza kusikia sufuria zikiwekwa chini kwa kishindo.

Nilimwuliza, "Mama, umekwisha kutafuta wapi?" Hakunijibu kwa maneno. Alifungua mkoba wake, akatoa daftari la shule, akaliweka mezani. Kwa kuwa ni mwalimu, alikuwa amelipiga mistari vizuri: mtaa, kodi, na jibu alilopewa. Vyumba kumi na kimoja.

Kwa chumba cha kwanza dalali alimtoza shilingi 10,000 za kwenda kukiona tu. Walipofika, dirishani palikuwa na nguo za mtoto zilizoanikwa. Chumba kilikuwa na mtu wake, na mtu huyo hakuwa na habari yoyote ya kuhama. Chumba cha pili kilikuwa mabondeni, karibu na Mto Msimbazi. Kilipendeza, na rangi yake ilikuwa mpya, ila rangi hiyo iliishia kiunoni. Mtoto wa jirani ndiye aliyemwonyesha kwa kidole mahali maji yanapofika wakati wa masika. Kweli, nyumba njema si mlango. Wengi wetu tunakumbuka wiki ile ya kabla ya Noeli ya mwaka 2011, mafuriko yalipolikumba bonde hilo na watu kupoteza maisha, na familia nyingi zikaishia kulala katika madarasa ya shule.

Vyumba vingine vilikuwa vizuri. Lakini mwenye nyumba mmoja alitaka kodi ya mwaka mzima mkononi. Mwingine aliuliza kabila lake, na alipotajiwa akanyamaza, kisha akakumbuka kwamba chumba kile amemwahidi mpwa wake. Mwingine alipowaona watoto watatu alisema choo cha uani kitajaa upesi. Mwingine akamwambia hapangishi mwanamke asiye na mume, kwa sababu wanawake wa namna hiyo huleta maneno katika nyumba. Amlete mwanamume wa kuandikiana naye mkataba. Mama huyu alimzika mumewe, akawasomesha watoto wa watu kwa miaka kumi na minne, na leo anaambiwa kwamba sahihi yake haitoshi.

Ndugu zangu wapendwa, nilipomaliza kusoma daftari lile niliona kwamba majibu karibu yote yalianza kwa maneno yaleyale. Hakuna aliyemwambia, "Chumba hakipo." Walimwambia, "Chumba kipo, lakini..."

Hebu tufanye hesabu kidogo, maana makosa mengine hujificha katika tarakimu. Tuseme chumba ni shilingi 70,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka miezi sita, yaani 420,000. Dalali anataka kodi ya mwezi mmoja kama ujira wake, yaani 70,000 nyingine. Kabla hajaingiza hata jamvi, mpangaji atoe 490,000. Sasa tuseme mtu huyo anapata 250,000 kwa mwezi. Ili apate mahali pa kulala, awe amekaa karibu miezi miwili bila kula, bila nauli, bila kununua daftari la mtoto. Asipoweza, atakopa kwa riba. Na miezi sita ikiisha, mzunguko huo unaanza upya. Watu wanapokea mshahara kwa mwezi, na vibarua wanapokea kwa siku, lakini tunawadai kodi kwa nusu mwaka. Hapo ndipo penye ugumu. Mara nyingi maskini anao uwezo wa kulipia chumba. Asichoweza ni kulipa miezi yote kwa pamoja.

Tusidhani kwamba shida hii imezaliwa jana. Mara baada ya Uhuru Taifa letu lilitambua kwamba makazi si jambo la kuachiwa kila mtu peke yake, na ndiyo maana Shirika la Nyumba la Taifa lilianzishwa mwaka 1962. Mwaka 1984 ikatungwa sheria ya kudhibiti kodi za pango. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo kiwango cha kodi kimeachiwa mapatano ya pande mbili. Wakati huohuo mji umeendelea kufurika. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Ile ya mwaka 2022 ikahesabu 5,383,728. Zaidi ya watu milioni moja wameongezeka katika miaka kumi, na kila mmoja wao anahitaji mahali pa kuweka kichwa chake usiku. Mapatano ni jambo jema. Lakini mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na wawili hao wakiketi kupatana bei ya chakula, twajua ni nani atakayeinuka amefaidika.

Kwa sababu hiyo Kanisa halijanyamaza. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Hati yake ya mwaka 1965 juu ya Kanisa katika Ulimwengu wa Leo, uliyahesabu makazi, pamoja na chakula na mavazi, kuwa miongoni mwa mambo ambayo mwanadamu anayahitaji ili aishi kweli kama mwanadamu. Na Baba Mtakatifu Fransisko, alipowatembelea watu wa Kangemi, Nairobi, mwezi Novemba 2015, alisema waziwazi juu ya familia zinazolipishwa kodi kubwa zisizo za haki kwa nyumba zisizofaa kukaliwa. Hakulisema jambo hilo katika mkutano wa wataalamu wa uchumi. Alilisema kanisani, mbele ya watu wanaoijua kodi hiyo.

Naomba hapa nisieleweke vibaya. Sikusudii kuwahukumu wote wenye nyumba. Wengi wao si matajiri. Wamo wajane, wamo wastaafu, wamo waliojinyima miaka ishirini wakinunua matofali kidogo kidogo, na leo kodi ya vyumba viwili ndiyo dawa yao ya shinikizo la damu. Nao wana machozi yao. Wapo wapangaji waliohama usiku wa manane wakiacha deni la miezi minne. Wapo waliosema watakaa watu wawili, kesho yake wakawa saba. Wapo wanaopiga pasi na kuwasha jokofu mchana kutwa, na siku ya kununua umeme wa nyumba nzima wanatoa sababu badala ya fedha. Mwenye nyumba aliyeumwa na nyoka ana haki ya kuogopa ung'ongo.

Tena, wapendwa, sina haki ya kumnyoshea mtu kidole, na sasa nitawaambia kwa nini.

Yule mama alipokwisha kulifunga daftari lake aliniuliza kwa upole, "Baba, wewe huna ndugu mwenye chumba?" Nikamjibu kwamba nitatangaza katika Jumuiya. Nilimwombea, nikambariki, akaenda zake na katekista wake. Nami nikabaki nimekaa, siwezi kuinuka. Kwa maana marehemu mama yangu mzazi alituachia nyumba ya vyumba vinne huko Mbagala, ambayo mdogo wangu anaisimamia, na kodi yake tunawasomeshea watoto wa dada yetu. Siku ile vyumba viwili katika nyumba hiyo vilikuwa wazi, na vilikuwa wazi kwa wiki tano. Mdogo wangu alikuwa amenitaka shauri, nami nilimwambia kwa kinywa hikihiki kinachotangaza Neno la Mungu: tafuta mtu mtulivu, asiye na watoto, alipe miezi sita kwa pamoja.

Mama yule aliniuliza, na mimi nilikuwa mtu wa kumi na mbili kumjibu. Tofauti yangu na wale wengine ni kwamba wao walitamka "lakini" yao, na mimi yangu nilimeza.

Jioni ile nilimpigia simu mdogo wangu. Nilipomweleza, alicheka kidogo, akasema, "Kaka, si wewe ndiwe uliyesema asiye na watoto?" Sikuwa na la kujibu. Juma lililofuata mama yule aliingia Mbagala na wanawe. Kodi hatukumpunguzia hata shilingi moja. Tulichobadilisha ni kwamba analipa mwezi kwa mwezi, tukaandikiana karatasi, na sahihi yake ikatosha. Nilimwambia pia ukweli, kwamba nyumba ni ya mama yangu, na kwamba vyumba vile vilikuwa wazi siku ile aliponiuliza. Hakusema neno. Alifungua daftari lake, akaandika mstari wa kumi na mbili. Sikumwomba anionyeshe alichoandika.

Naye hajawa malaika, wala sisi hatujawa watakatifu. Mara mbili amechelewesha kodi, akatoa taarifa kabla ya siku kufika. Watoto wake wamevunja kioo cha dirisha, akakirudishia. Choo hakijajaa kwa sababu yao.

Sasa turudi Nazareti. Malaika Gabrieli anamletea Bikira Maria habari ambayo yeyote kati yetu angeipokea kwa "lakini" nyingi. Maria alikuwa ameposwa, na watu watasema. Alikuwa maskini; mtoto huyu atalelewaje? Injili yatuambia kwamba Maria aliuliza swali moja. Aliuliza ni jinsi gani jambo hilo litakuwa, kwa kuwa hakuwa amemjua mume. Angalieni vizuri, ndugu zangu: Mungu hakukasirishwa na swali hilo. Kuuliza si dhambi. Mwenye nyumba ana haki ya kuuliza: wewe ni nani, unafanya kazi gani, mtakaa wangapi, utalipaje. Lakini Maria alipokwisha kujibiwa hakutafuta swali la pili la kujifichia. Alijitoa kuwa mtumishi wa Bwana, na mlango ukafunguka. Swali la Maria lilikuwa njia ya kufikia ndiyo. Maswali yetu mara nyingi ni njia ya kufikia hapana ambayo tulikwisha kuiamua tulipomwona mtu kwa mbali.

Siku chache zijazo tutasikia tena habari za Betlehemu, kwamba hapakuwa na nafasi. Neno la Kigiriki analolitumia Mwinjili Luka mahali hapo ni kataluma. Tumezoea kudhani kwamba ni nyumba ya kulala wageni ya kulipia. Lakini Luka anapotaka kutaja nyumba ya namna hiyo, katika mfano wa Msamaria mwema, anatumia neno jingine. Ndiyo maana wataalamu wengi wa Maandiko wanaona kwamba kataluma ni chumba cha wageni katika nyumba ya watu. Tena Luka analitumia neno hilohilo mara moja nyingine tu katika Injili yake, katika sura ya 22: Bwana Yesu anapowatuma wanafunzi wakamwulize mwenye nyumba ni wapi kilipo chumba atakachokula Pasaka. Yule mwenye nyumba, ambaye hata jina lake hatulijui, akawapa chumba kikubwa kilichokwisha kuandaliwa.

Tulitafakari jambo hili. Mwana wa Mungu alianza maisha yake hapa duniani akikosa chumba cha wageni, na katika usiku wa kuamkia mateso yake akapewa kimoja. Katika chumba hicho cha kuazima ndimo alimotuachia Ekaristi Takatifu. Misa ya kwanza haikuadhimishwa katika kanisa lililojengwa kwa marumaru. Iliadhimishwa katika chumba cha mtu aliyebishiwa hodi, akafungua. Sisi sote tunaokaribia meza ya Bwana tunaishi kwa ukarimu wa mwenye nyumba yule.

Basi tufanye nini, siku hizi chache zilizobaki?

Kwanza, ninyi wenye nyumba. Kumbukeni neno la Mungu katika Kitabu cha Walawi, sura ya 25, ambako Mungu anawaambia Waisraeli kwamba ardhi ni yake, na wao ni wageni na wapitaji kwake. Sisi sote ni wapangaji, na hakuna aliye na hati ya milele. Pokeeni kodi ya haki, ni jasho lenu. Lakini jaribuni kupokea kwa mwezi au kwa miezi mitatu. Andikianeni. Tengenezeni paa kabla ya mvua, siyo kupaka rangi baada ya mafuriko. Wala kabila, ujane na watoto visiwe hatia mlangoni pa Mkristo.

Pili, ninyi madalali, kwani najua mnasikiliza. Kazi yenu ni halali, mtu hula kwa jasho lake. Lakini anayechukua fedha za watu watano kwa chumba kimoja, au kumwonyesha mtu chumba ambacho si wazi, huyo anaiba, tena anamwibia aliye na shida. Kama umefanya hivyo, kitubio chako hakitakamilika mpaka urudishe fedha.

Tatu, ninyi wapangaji. Semeni kweli juu ya idadi yenu. Lipeni sehemu yenu ya umeme na maji. Mkikwama, toeni taarifa kabla ya siku, siyo baada yake. Kila mpangaji mwaminifu anamfungulia mlango mwenzake atakayekuja baada yake, na kila anayehama usiku anaufunga.

Nne, na hili nawaomba hasa makatekista na viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo. Ninyi ndio mnaoijua mitaa. Mnajua ni nyumba ipi ina chumba wazi, na ni familia ipi inalala tisa katika vyumba viwili. Basi katika mikutano yenu ya kila juma, baada ya Neno na kabla ya michango, lipatieni swali hili dakika tano: ni nani kati yetu anatafuta mahali, na ni nani anapo mahali? Wekeni daftari. Mjulisheni mwenye nyumba kwa mpangaji, nanyi muwe mashahidi wa ahadi zao, bila kumtoza mtu yeyote. Kazi hiyo haihitaji mfadhili kutoka nje. Yahitaji kalamu na ukweli.

Wapendwa, usiku wa Noeli tutalichukua sanamu la Mtoto Yesu kwa maandamano na kulilaza pangoni. Tumelitengeneza pango hilo kwa uangalifu, kwa majani na taa. Je, itakuwaje tukimwekea nafasi Yesu wa plasta, na Yesu aliye hai asimame barabarani na watoto wake watatu na daftari mkononi? Yeye mwenyewe ametuambia kwamba siku ya mwisho atatuuliza kama tulimkaribisha alipokuwa mgeni. Siku ile "lakini" zetu zote zitakuwa zimekwisha muda wake.

Tumwombe Bikira Maria, aliyempa Mungu nafasi bila sharti, na Mtakatifu Yosefu, aliyebisha hodi usiku akiwa na mke mjamzito, watuombee mioyo mipana na milango iliyo wazi. Na wote wanaotafuta mahali pa kukaa wiki hii, Mungu awaongoze kwenye mlango wa mtu atakayewaambia, "Chumba kipo, karibuni."

Nawatakia nyote maandalizi mema ya Noeli. Na baraka ya Mungu Mwenyezi, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu, iwashukie na kukaa nanyi daima. Amina.